Miguu Saba ya Kipimo Kimoja

Mume wangu alianza kujifunza kuandika programu za kompyuta akiwa na miaka hamsini na sita, na mtu wa kwanza kumcheka nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili nisionekane mke mwema kuliko nilivyo. Nilimkuta asubuhi moja jikoni, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, kitabu kinene alichokiacha binti yetu kimeegemezwa kwenye chupa ya chai, naye anabonyeza kwa kidole kimoja ile laptopu kuukuu ambayo kioo chake kimeshikiliwa na selotepu. Nikamwuliza kama anaandika barua ya kuposa mke wa pili. Akanijibu bila kuinua macho kwamba mmoja anamtosha na bado hajamwelewa.

Sote wawili tunafanya kazi karakana ya miguu ya bandia. Mimi nashona mikanda ya kuufungia mguu, yeye ni fundi wa kuchonga. Mtu akikatwa mguu, kinachobaki ni kigutu, na hakuna vigutu viwili vinavyofanana. Fundi hukizungushia bendeji za plasta, zikikauka huzivua, akapata kalibu. Ndani ya kalibu humwaga plasta nyingine, akapata mfano wa kigutu, kisha huuchonga kwa tupa taratibu, maana mwili una mahali unapokubali kubanwa na mahali usipokubali hata kuguswa. Juu ya mfano huo ndipo hulazwa plastiki ya moto iwe kikombe, pale kigutu kinapoingia. Ukikosea milimita tatu, mtu anatembea juu ya kidonda. Mume wangu aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, na sijapata kusikia mtu akirudi kulalamikia kikombe chake. Mikanda yangu wamewahi kuilalamikia, lakini hayo tuyaache.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kikombe cha chai kugongana na kisahani, nikamtania kwamba anapiga ngoma. Daktari alipoutaja ugonjwa wenyewe, niliacha utani wiki nzima, jambo lililomtisha kuliko maneno ya daktari. Tuliambiwa dawa zipo na watu huishi nao miaka mingi, ila kuchonga basi. Yeye akaendelea kuchonga miezi minne zaidi, kwa ubishi tu, mpaka tupa ilipoteleza na kuukata mfano wa mwalimu mmoja, na mkuu wa karakana akaona.

Mkuu wetu ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, na aliyemfundisha kushika tupa ni mume wangu huyuhuyu. Hakumkaripia. Alituita ofisini, akafunga mlango.

"Fundi," akasema, "nikikuacha uchonge, nitaumiza watu. Nikikurudisha nyumbani, nitakuumiza wewe. Niambie nifanyeje."

Mume wangu aliangalia dirishani, kule kwenye kona ya karakana lilikokuwa limekaa sanduku kubwa la mbao. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kuchonga. Ilikuwa zawadi, ilikuja na mabonge tisa ya povu gumu na kijitabu, bila mtu wa kuielekeza. Ukiipa namba za vipimo, inachonga mfano yenyewe. Lakini namba hizo zipangwe na programu, na programu hakuna aliyeweza kuiandika.

"Ile nipe mimi," akasema.

Mkuu akampa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Mashine ikichonga miguu inayovalika, atabaki kazini kama fundi wa vipimo. Isipochonga, atastaafu.

Lazima niseme kwa nini neno hilo la kustaafu lilinikosesha raha. Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa treni. Alistaafu akiwa mzima kama chuma, akaweka kiti mlangoni, akawa anaangalia saa na kutuambia treni gani inapita wapi. Hakuumwa chochote. Alipungua tu, wiki kwa wiki, na mwaka haukuisha tukamzika. Mume wangu ana umbo lilelile, mwendo uleule, na nyumbani kwetu viti vipo vingi. Kwa hiyo nilipokuwa nikimcheka pale jikoni, moyoni nilikuwa namwombea.

Akawa anaamka alfajiri kila siku, anasoma mpaka wakati wa kwenda kazini. Chai yangu nilinywa nikisikiliza mambo ambayo sikuyaomba. Katika lugha ile ya kompyuta, alinieleza, huwezi kukitumia kitu kabla hujakitangaza. Useme kwanza kwamba kuna kitu kinaitwa hivi na ndani yake kuna hiki na hiki. Na njia za kutangaza ni nyingi, na ndipo kazi ilipo.

Mara ya kwanza alikitangaza kila kipimo peke yake. Mguu mmoja una vipimo tisa: upande, urefu wa kigutu, uzito wa mtu, na mizingo sita kuanzia juu hadi chini. Akakipa kila kimoja jina lake. Alipofika mtu wa nne alikuwa na majina thelathini na sita, na mawili ameyasahau yeye mwenyewe. Akafuta.

Mara ya pili akatangaza orodha. Kila mtu orodha yake, vipimo tisa kwa mstari, cha kwanza upande, cha pili urefu, na kuendelea. Hiyo ilimpendeza kwa ufupi wake.

"Na siku ukiumwa," nikamwuliza, "atakayeshika kazi yako atajuaje namba ya nne ni ya nini?"

"Nitamwambia."

"Ukiwa umelala hospitali na mipira puani?"

 Ukweli ni kwamba mimi kila mkanda nauandika kwa chaki: wa nani, unapita wapi, kushoto au kulia. Sina shule kubwa, lakini sijawahi kumfunga mtu mkanda wa mwenzake. Kesho yake nikaona amebadilisha. Sasa kila kipimo kilikuwa na kibandiko chake ndani ya mfuko mmoja. Hakuniambia kwamba ni mimi niliyempa wazo, nami sikumkumbusha zaidi ya mara tatu.

Mfuko nao ukawa na ila yake. Unapokea chochote na haulalamiki. Alisahau kutia uzito wa mtu mmoja, na kompyuta ikanyamaza kana kwamba watu wasio na uzito ni jambo la kawaida. Hapo ndipo alipofika sura ya tisa ya kile kitabu, akakuta njia ya nne. Unatangaza mara moja, kabla hata hujampima mtu yeyote, mguu ni kitu gani: una upande, una urefu, una uzito, una mizingo sita, basi. Usiotimiza haupokelewi. Alinisomea ukurasa ule kwa sauti, jikoni, mafuta yakiwaka kwenye kikaango.

"Mama, hii ni kalibu," akasema. "Hawa watu wameandika kalibu."

Ng'ombe hazeeki maini. Sijui ni lini nilimwona na uso ule kwa mara ya mwisho.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa wakaijaribu mashine kwa mtu mmoja, mwalimu yuleyule ambaye mfano wake uliharibika. Bonge moja likachongwa. Mkuu akalipima kwa futikamba, akalipima tena, akasema, "Fundi, ni yeye." Mume wangu akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu, akatoka amenawa uso.

Basi wakapimwa watu saba. Alikuwemo mwashi mmoja mwenye mdomo mkali, alikuwemo tarishi, mama wa makamo wa kupeleka barua na vifurushi ofisi hadi ofisi, na wa mwisho kupimwa alikuwa msichana wa shule wa miaka kumi. Mashine ina gurudumu linaloshika mabonge saba, ikimaliza moja inajizungushia jingine. Ijumaa mchana mume wangu akaingiza vipimo vyote, akabonyeza, akafunga mlango. Jumamosi na Jumapili alikuwa akitembea nyumbani kama baba anayesubiri mtoto kuzaliwa.

Jumatatu tulifika wa kwanza. Alifungua mlango, mimi nyuma yake. Kwenye gurudumu kulikuwa na mifano saba, myeupe, safi, na yote saba ilikuwa midogo. Yote ilikuwa kigutu cha yule msichana wa miaka kumi. Mume wangu aliuchukua mmoja, akauweka, akachukua wa pili. Mashine ilikuwa imefanya kazi nzuri kabisa mara saba.

La kuvunda halina ubani. Mabonge saba yamekwenda na moja lilikuwa la mwalimu, kwa hiyo limebaki moja. Mengine yangefika mwezi wa kumi na moja.

Nikamshika mkono. "Baba, sema ni mashine."

"Mashine ilifanya nini?"

"Itajulikana na nani? Imekaa sandukuni mwaka mzima. Sema imeingia unyevu."

Sijivunii hayo. Nilimwona kaka yake kwenye kiti, ndiyo maana nikasema. Akautoa mkono wake kwangu polepole, akasema, "Njia ya mwongo fupi, Mama. Na mashine hii nataka kufanya kazi nayo."

Wale watu saba walikuja saa nne, kila mmoja akitegemea kuanza kujaribishwa. Mume wangu akasimama kwenye chumba cha kungojea, mikono ndani ya mifuko ya koti kama alivyokuwa akifanya siku zote siku hizo, akawaambia kwamba mifano sita imeharibika, kwamba kosa ni lake, na kwamba bado hajui ni kosa gani.

"Kwa hiyo sisi ni wa kujaribiwa?" mwashi akauliza.

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Na nilipaswa kuwaambia kabla."

Mwashi alikuwa na maneno mengine tayari, lakini jibu lile lilimkosesha pa kuyaweka. Mkuu akagawa kazi: watano wachongewe kwa mkono kama zamani, na yeye mwenyewe ashike tupa, ingawa kwa mafundi wawili hiyo ni wiki tatu. Mfano wa msichana ukapelekwa kulazwa plastiki, maana wake ulikuwa sawa. Akabaki tarishi. Kazini kwao walimwambia wazi: tarehe mosi awe amesimama kazini, la sivyo nafasi yake ina mtu. Wiki tatu hakuwa nazo.

"Fundi," Mkuu akasema, "ukilipata hilo kosa, bonge la mwisho ni la huyu mama. Usipolipata, sijui nitamwambia nini. Na wewe pia sijui nitakwambia nini."

Siku mbili alisoma mistari ileile. Alikuwa ameichapa kwenye karatasi, akaibandika kwenye kabati la vyombo, ikawa siwezi kuchukua sahani bila kuambiwa nisiipinde. Asubuhi ya Jumatano nilichoka. Nikavuta kigoda, nikamwambia anisomee mstari kwa mstari kama mimi ninavyokagua mkanda, mshono kwa mshono.

"Hapa nimetangaza kalibu," akasema. "Hapa nimemwaga mguu mmoja wa mfano, mtupu, hauna vipimo bado. Hapa nimemwaga wa mwashi. Hapa nimejaza vipimo vya mwashi. Hapa nimemwaga wa tarishi..."

"Ngoja. Wa mwashi umeumwaga wapi?"

"Huu mstari."

"Mstari umeandikaje?"

"Mguu wa mwashi ni sawa na mguu wa mfano."

"Sasa hapo kuna kumwaga?"

Akausogelea ule mstari pale kabatini. Karakana, ukisema nipe wa mwashi kwenye kalibu hii, maana yake chukua ndoo, koroga plasta, mimina. Hakuna fundi atakayekuelewa vingine. Miaka ishirini na tisa hajawahi kuambiwa hivyo asitoke na kitu kipya mkononi. Lakini kompyuta haikukoroga chochote. Akaijaribu palepale: akabadilisha urefu wa mwashi, akauliza urefu wa tarishi. Ulikuwa umebadilika nao.

"Ni mguu mmoja," akasema. "Siku zote ulikuwa mguu mmoja. Nilikuwa naupa majina tu."

"Kama wewe," nikamwambia. "Kwangu Baba, karakana Fundi, kwa dada yako Kaka. Ukipata homa, wote watatu wanalala."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Vipimo vya watu saba alivimimina juu ya mguu uleule, vya kila mtu vikafuta vya aliyemtangulia, na msichana alipopimwa mwisho ndiye aliyebaki. Kwa mwalimu lisingeonekana kosa, kwa kuwa alikuwa peke yake.

Akaandika upya, akaiambia kompyuta safari hii inakili mguu wa mfano kwa kila mtu, kitu kipya kabisa. Mimi nilikuwa tayari nimesimama niende zangu, lakini akasema tujipime sisi kwanza. Akanipima mguu wangu hapo jikoni, nami nikampima wake, tukaingiza vyote viwili. Upande ukatofautiana. Urefu ukatofautiana. Uzito ulitofautiana zaidi ya nilivyopenda. Lakini mizingo sita ikatoka ileile kwangu na kwake.

"Baba," nikasema, "mashavu ya miguu yako na yangu hayajawahi kulingana tangu siku ya harusi."

Kosa lilikuwa na mdogo wake. Mguu ulikuwa unanakiliwa, ndiyo, lakini ile orodha ya mizingo ndani yake ilikuwa bado moja, wote tunaichangia. Kama tungekimbilia bonge la mwisho siku ile, tarishi angepata mguu wenye urefu wake na unene wa mtu mwingine. Nilipolifikiria hilo nilikaa chini. Yeye hakukaa. Akabadilisha tamko la kalibu yenyewe, ili kila mguu unaozaliwa uzaliwe na orodha yake mpya ya mizingo, tupu, isiyo ya mtu mwingine. Akajaribu kwa miguu yetu, akajaribu kwa vipimo vya wale saba, akajaribu kwa vipimo vya uongo vya watu mia. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumechelewa kazini wote wawili kwa mara ya kwanza.

Alhamisi tarishi aliitwa. Mume wangu akamweleza kila kitu, kosa la kwanza na mdogo wake, wala hakupunguza.

"Umelirekebisha?" tarishi akauliza.

"Nimelirekebisha."

"Umelijaribu?"

"Kwenye kompyuta, mara nyingi. Kwenye bonge, bado. Bonge ni moja." Kisha akamgeukia Mkuu. "Mkuu, mimi ningeomba huyu mama achongewe kwa mkono, awe wa kwanza kabla ya wale wengine. Tusiweke kazi yake juu ya kitu changu."

"Wa kwanza au wa mwisho, Fundi, plasta inakauka kwa siku zake," Mkuu akasema. "Tarehe mosi itafika kabla yake."

Tarishi alimgeukia mume wangu. "Mimi napeleka barua miaka kumi na minane," akasema. "Nimepotezewa nyingi na watu walioniambia hawajui zilipo. Wewe umeniambia ilipo. Chonga."

Bonge likachongwa Ijumaa, mchana kweupe, karakana nzima ikijifanya ina shughuli karibu na mashine. Mkuu akapima. Akapima tena, akalibeba mwenyewe kwenda kwenye tanuri la plastiki. Mimi nikashona mikanda ya mguu ule mara mbili, ya kwanza sikuiridhia.

Tarehe thelathini tarishi akavaa. Mkuu alipiga magoti kufunga mikanda, akaangalia kikombe kimekaaje, akarudi nyuma. Mama yule akasimama baina ya vile vyuma viwili vya kushikilia, akaviachia, akatembea hadi mlangoni. Akashuka ngazi tatu za nje, akapanda. Akashuka tena, akapotea nyuma ya ukuta, tukabaki tunasikiliza hatua zake kwenye changarawe. Aliporudi alikuwa anahema.

"Huu ni wangu," akasema.

Akaenda moja kwa moja kwa mume wangu, akanyoosha mkono. Naye, mwanaume ambaye kwa miezi saba alikuwa hata kanisani anasalimia watu kwa kichwa, akautoa wake mfukoni akampa. Ulitetemeka ndani ya mkono wa yule mama mbele ya wote, na mama yule hakuharakisha kuuachia.

Watu wakatawanyika. Mkuu akaanza kukusanya karatasi zake kana kwamba siku imekwisha, na siku ile ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa. Mume wangu hakuuliza. Asingeuliza hata angekufa. Basi nikauliza mimi.

"Mkuu, kesho aje au asije?"

Mkuu akanitazama kama nimeuliza kama maji yanalowesha. "Mama, kesho nina watu wanne wa kupimwa. Bonge sina hata moja mpaka mwezi wa kumi na moja, lakini vipimo vyao nataka viwe ndani kabla hayajafika. Unataka viingizwe na nani?"

"Nitakuja saa moja," mume wangu akasema.

Nilirudi kwenye cherehani yangu na kushona mkanda mzima nikiwa sioni vizuri. Niliponyanyua mguu kwenye kikanyagio nikaona mkanda nimeushona ndani nje, na bado ilinichukua muda kabla sijaanza kuufumua.